Simu kimya mezani, au simu chumba cha pili?

Wengi wetu hapa Mombasa tukitaka kusoma tunaizima simu sauti, tunailaza mezani, basi. Ni njia nyepesi: mama akipiga kutoka Likoni utaona mwanga, na mteja humpotezi. Lakini akili haitulii. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, waliwapima watu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioiweka mezani, ingawa zote zilikuwa kimya. Kwa maelezo yao, kule kujizuia tu usiifikirie simu kunakula nguvu ya akili.

Kuiacha chumba cha pili kunauma mwanzoni, tena sana. Mkono unapapasa mfukoni. Unafika mwisho wa ukurasa hujui umesoma nini. Vumilia. Anza na dakika 20 baada ya swala ya alfajiri, kabla joto halijapanda na tuktuk hazijaanza honi. Weka daftari kando: kila wazo linalokuita kwenye simu liandike hapo, kisha rudi kwenye mstari wako.

Mwenye mgonjwa wa kumwangalia abaki na njia ya kwanza, ana haki. Mwanafunzi, au anayejifunza ufundi mpya, aishike ya pili bila kusita.