Uzoefu wangu: Wanafunzi wa Nachingwea katika maboma ya Wamaasai wa Longido

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya sekondari wilayani Nachingwea, mkoani Lindi. Ninaandika haya kwa ajili ya walimu na wazazi wa mikoa yetu ya kusini wanaofikiria kuwapeleka wanafunzi wakaishi na familia za Wamaasai, badala ya kuwapitisha tu katika boma la maonyesho lililo kando ya barabara ya kwenda hifadhini. Huduma tuliyoitumia ni ya kikundi cha utalii wa kitamaduni cha kijiji kimoja wilayani Longido, mkoani Arusha, kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga. Utalii wa namna hii uliota mizizi huko katika miaka ya 1990 kwa msaada wa shirika la Uholanzi la SNV, kwa hiyo wenyeji wamezoea kupokea wageni kutoka Ulaya na Marekani. Wanafunzi wa Kitanzania waliotoka kusini kabisa mwa nchi walikuwa jambo geni kwao, na nadhani ugeni huo ulitusaidia pande zote mbili.

Tulikuwa na sababu ya msingi ya kwenda. Tangu mwaka 2006, Serikali ilipoanza kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu mkoani Mbeya, makundi makubwa ya ng'ombe wa Wasukuma, Wamang'ati na Wamaasai yamekuwa yakiingia mkoani Lindi, katika maeneo ambayo kwa miaka mingi hayakuwa na mifugo mingi kwa sababu ya mbung'o. Wanafunzi wangu wengi ni watoto wa wakulima wa ufuta na korosho, na mfugaji wanayemfahamu ni yule ambaye ng'ombe wake wameingia shambani usiku. Nilitaka wamwone mfugaji akiwa kwao, mahali ambapo taratibu zake zinafanya kazi, ndipo waamue wenyewe nini cha kumlaumu na nini cha kumwelewa. Kwa kipimo hicho ndicho ninachoitathmini huduma hii, na kwa kipimo hicho ninairidhia, ingawa yako mambo ambayo lazima yarekebishwe.

Safari ni ndefu na inachosha, kwani ukitoka Nachingwea unapita Mnazi Mmoja, Kilwa, daraja la Mkapa, Dar es Salaam, Segera na Moshi kabla hata hujafika Arusha. Shule isiyo na uwezo wa kulala njiani isithubutu.

Wanafunzi waligawanywa wawili wawili, kila jozi katika nyumba ya mama mmoja, na mwalimu wetu wa kike alilala katika boma lile lile walilolala wasichana. Sharti hili tuliliweka kwa maandishi kabla ya kulipa, nalo lilitekelezwa bila ubishi. Nyumba ya Kimaasai hujengwa na mwanamke kwa fito, kisha hukandikwa kwa udongo na samadi. Ni fupi, ina giza, na moto huwaka ndani, na mgeni hulala juu ya ngozi iliyotandazwa kwenye fito. Watoto wetu waliokulia katika nyumba za kukandika hawakushangazwa na kuta, bali na ndama na wanambuzi waliolala hatua chache kutoka kwao. Moshi ulikuwa tatizo la kweli kwa mwanafunzi mmoja mwenye pumu, na ninawashukuru wenyeji kwa kumhamishia haraka katika nyumba ya bati yenye madirisha. Hata hivyo, kikundi hakina fomu ya kuuliza hali za afya za wanafunzi, na kingepaswa kuwa nayo.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba wanafunzi walipewa kazi. Wavulana walitoka asubuhi na vijana wa boma kuchunga mbuzi, na wasichana walijifunza kukamua, kwa kuwa huko kukamua ni kazi ya wanawake. Nilisimama kando nikimwangalia mama mmoja akimfundisha msichana wetu. Alimwachia ndama anyonye kwanza hadi maziwa yashuke, akamvuta pembeni, akakamua chuchu mbili tu na kumwachia ndama mbili zilizobaki, na msichana alipotaka kuendelea alimshika mkono kwa upole akamwonyesha yule ndama. Baadaye alichukua kijinga cha mti wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kusugua kuta zake hadi harufu ya moshi ikakolea, akapangusa unga wa mkaa, ndipo akamimina maziwa. Katika vitabu vyetu vya kiada hakuna ukurasa unaoeleza uhifadhi wa maziwa kwa namna ile.

Kuhusu maziwa hayo, tuliomba yachemshwe kabla ya wanafunzi kunywa, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata binadamu pia, pamoja na kifua kikuu. Wenyeji walikubali, ingawa mzee mmoja alieleza kwamba maziwa yaliyochemshwa hayagandi kwa ladha anayoijua. Wengi wa wanafunzi wetu ni Waislamu, kwa hiyo kikundi kilimleta Mwislamu kutoka Longido mjini achinje mbuzi wa mapokezi. Sisi tulipeleka korosho zilizobanguliwa na chumvi ya pwani. Bibi wa boma alizigeuzageuza korosho kiganjani, akauliza kama ni mbegu za kupanda, akatafuna moja polepole, kisha akazifunga zilizobaki kwenye pindo la shuka yake kwa ajili ya wajukuu.

Mazungumzo ya jioni ndiyo yaliyoithibitisha thamani ya safari. Mzee mwenye boma aliwaeleza wanafunzi juu ya alalili, eneo la malisho karibu na makazi ambalo hufungwa wakati wa mvua ili nyasi zibaki kwa ajili ya ndama na ng'ombe dhaifu wakati wa kiangazi, na kwamba anayeingiza mifugo kabla wazee hawajalifungua hutozwa faini. Msichana mmoja, ambaye shamba la ufuta la baba yake lilikwisha kuliwa na ng'ombe, alimwamkia kwa heshima na kuuliza: ikiwa Wamaasai wana sheria kali namna hiyo za nyasi zao, kwa nini wafugaji waliokuja kwetu hawaheshimu shamba la mtu?

Mzee hakukasirika. Alisema kwamba ukame wa mwaka 2009 ulimmalizia sehemu kubwa ya ng'ombe wake, na kwamba anao ndugu waliohamia kusini kutafuta malisho. Alalili, alieleza, hulindwa na watu wanaofahamiana na wanaokaa katika kikao kimoja, lakini mfugaji anayefika ugenini na mifugo yenye njaa, bila mtu wa kumwonyesha mipaka, hana mzee wa kumwogopa wala jirani wa kumwonea haya. Hakusema kwamba hilo linamwondolea kosa. Aliuliza tu kama wakulima na wafugaji wa kijijini kwa msichana huyo wamewahi kukaa pamoja wakakubaliana njia ya ng'ombe kwenda majini. Msichana alijibu kwamba shamba la baba yake halikuwa njia ya mtu yeyote, na mzee akakubali kwamba inawezekana kabisa. Hawakufikia mwafaka, nami sikuona haja ya kuwasuluhisha. Tuliporudi, binti huyo alikwenda ofisi ya kijiji kumwomba mtendaji amwonyeshe mpango wa matumizi ya ardhi, ule ambao Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 zinawapa wanakijiji nafasi ya kuupanga wenyewe, na akaandika kazi yake ya utafiti juu ya mahali ambapo njia ya mifugo ingeweza kupita.

Sasa niseme yaliyoniudhi. Wakala wa Arusha aliyetukodishia usafiri aliingiza katika ratiba mchana mzima wa ngoma na soko la shanga, ambao hatukuuomba. Akina mama walipanga bidhaa zao mbele ya watoto wasio na fedha, na pande zote mbili ziliona aibu isiyo na sababu. Sisi tunatoka katika nchi ya jando na unyago, na watoto wetu wanajua kwamba ngoma ina siku yake na wenyewe. Kwa hiyo mwalimu yeyote atakayefuata njia yetu azungumze na kikundi cha kijiji moja kwa moja, na aandike wazi kwamba shule haihitaji maonyesho. Vyoo navyo ni vichache mno kwa kundi la wanafunzi, hasa wasichana, na ada ya kijiji ingetosha kuanza kuchimba vingine.

Jambo zito zaidi ni malipo. Fedha za kila familia zilikabidhiwa kwa baba mwenye boma, ilhali aliyejenga nyumba, aliyepika, aliyeteka maji kwa punda na aliyewaachia watoto wetu kitanda chake ni mama. Nilimuuliza katibu wa kikundi, naye alikiri kwamba hata akina mama wenyewe wamelileta suala hilo kikaoni. Tumekubaliana kwamba safari ijayo sehemu ya mama mwenye nyumba italipwa mkononi mwake, mbele ya katibu, kwa stakabadhi yenye jina lake, na bila kipengele hicho shule yetu haitatia saini.

Kwa muda wa kwenda, ninapendekeza likizo ya mwezi Juni. Mvua za masika huwa zimekwisha, nyasi bado zipo, na ng'ombe wako karibu na maboma, tofauti na Septemba na Oktoba ambapo mara nyingi huwa wamepelekwa mbali na boma hubaki na wazee na watoto. Usiku wa Juni una baridi ambayo mtoto wa Lindi hajawahi kuikuta, kwa hiyo kila mwanafunzi abebe blanketi zito na soksi, na mwenye pumu afike na dawa yake ya kuvuta, pamoja na barua ya daktari itakayosomwa na kikundi kabla nyumba hazijagawanywa.