AC ya "ufungaji bure" kwenye nyumba ya zamani: hizi mita tatu zinakufikisha wapi?

Wadau, karibuni tena. Hii hapa mezani ni AC ya ukutani, nguvu yake ya kupoza BTU 12,000, inverter, gesi yake ya kupozea R32. Rimoti, Wi-Fi, kitufe cha usingizi, hayo yote mnayajua na yameandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, kwa hiyo nayaruka. Mashine sina ugomvi nayo. Inverter nzuri ni nzuri, haizimi na kuwaka kila dakika, inashusha mwendo chumba kikishapoa. Ugomvi wangu ni huu mfuko mweusi uliokuja nayo, na hii stika: "Ufungaji bure".

Kamera sogea hapa. Haya ndiyo mabomba ya bure. Nayanyoosha, nashika futi kamba... mita tatu. Basi!

Sasa chukua nyumba ya Kiswahili ya Magomeni, Ilala au Temeke. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma, kibaraza mbele. Unataka ubaridi chumba cha mbele. Kipande cha nje utakiweka wapi? Kibarazani kitawapulizia watu joto usoni. Kwenye uchochoro, ukuta wa jirani uko karibu mno, kile kipande kinavuta tena hewa ya moto kiliyoitoa chenyewe, ubaridi unapungua na umeme unapanda. Kinabaki uani. Toka chumba cha mbele hadi uani, ukipanda darini na kushuka, unakula mita tisa, kumi. Mita tatu zimeishia mlangoni!

Fundi wa "bure" hapo anafanya moja kati ya mawili: ananing'iniza mashine uchochoroni, au anakuuzia mita zilizobaki kwa bei anayoitaka yeye. Usikubali lolote kabla hujaona hiki ninachokwenda kuonyesha.

Mkono wa kulia bomba la kwenye mfuko, mkono wa kushoto bomba la shaba la kununua kwa mita. Yote ni ya tatu ya nane ya inchi (3/8), kwa nje hamwoni tofauti. Nakata yote mawili, napima unene wa ukuta wa bomba. La kushoto, milimita 0.8. La mfukoni... 0.5. Subirini, napima upande wa pili msije mkasema nimebana vibaya. 0.5 tena. Sasa napanua mdomo kwa ajili ya nati. La kushoto limefunguka vizuri, duara safi. La mfukoni, sogeza kamera, sogeza tu, mnauona huo ufa? Mwembamba kama unywele. Nati ikikaa juu huuoni, na siku ya kwanza AC itapoza vizuri kabisa. Gesi ya R32 inafanya kazi kwa mgandamizo mkubwa kuliko ile R22 ya mashine za zamani, itatokea hapo hapo kidogo kidogo. Baada ya miezi kadhaa unaambiwa "gesi imeisha". Gesi ya AC haiishi, wadau. Haichomwi wala hainywewi. Ikipungua, imevuja, na anayekujazia bila kutafuta panapovuja anakuchukulia hela.

Nati nayo ina kipimo cha nguvu ya kukaza, kinahesabiwa kwa Nm (nyutoni mita): bomba la robo inchi, Nm 18 hadi 20, la tatu ya nane, 32 hadi 39. Fundi anayekaza mpaka mishipa ya shingo imtoke anaupasua mdomo ule ule alioutengeneza.

Halafu pampu ya kunyonya hewa iliyomo ndani ya mabomba. Mafundi wengi hapa mjini wanafungua valvu kidogo, gesi inapiga "fyuu", wanasema hewa imetoka. Haijatoka. Imebaki na unyevu wake, na unyevu ukichanganyika na mafuta ya kompresa unazaa asidi. Pampu iwashwe angalau dakika 15, geji, ile saa ya kupimia mgandamizo, ishuke hadi sentimita 76 za zebaki chini ya sifuri, izimwe, msubiri dakika tano. Mshale ukirudi, kuna tundu, mabomba hayaachiliwi gesi. Kwa bomba refu la mita kumi pampu ikae zaidi. Na gesi ya kiwandani kwa kawaida inatosha mita tano tu. Zilizozidi zinaongezwa gramu 12 hadi 20 kwa kila mita, kitabu cha mashine yako kitakuambia ngapi, na inapimwa kwa mizani. Fundi hana pampu wala mizani? Mpe maji anywe, aende.

Mabomba yote mawili yavishwe sponji, kila moja peke yake. Kwa unyevunyevu wa Dar bomba lililo wazi linatoa jasho mpaka dari linaota madoa. Tundu la ukutani milimita 65, liinamie nje milimita 5 hadi 7, na kabla fundi hajaondoka mwagieni lita moja ya maji kwenye trei ya kipande cha ndani, muone yanatokea wapi. Dari au paa likiwa la asbesto, msitoboe.

Umeme naupitia haraka kwa sababu watu wanaujua ila hawaufuati. Nyumba za zamani nyingi zina waya wa milimita za mraba 1.5 na hazina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. AC ipewe laini yake toka kwenye meni swichi: waya wa 2.5 wenye nyaya tatu, breka ya ampea 16 au 20, na nondo ya ethi ichimbiwe uani. Kuchomeka kwenye soketi moja na pasi ndiko kunakoyeyusha plagi.

Ukuta wa udongo au tofali laini haubebi kipande cha nje cha kilo 25 kwa skrubu za plastiki. Kiwekeni chini, juu ya zege la sentimita kumi. Kwanza fundi atakayekisafisha hatahitaji ngazi.

Na madirisha! Nyavu na nondo, bila kioo, juu yake matundu ya hewa, juu yake tena dari lenye mianya. Nawasha udi hapa chini ya dirisha, moshi wote unatoka nje. Ubaridi wako utapita huko huko. Kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi, lakini kuvuja huku hakumpi mtu nafuu. Dirisha la aluminiamu na kioo, matundu yazibwe, mlango uwekewe mpira chini. Kwa makadirio yangu hapa ndipo panapokula hela kuliko fundi wa AC mwenyewe.

Mashine Kariakoo inazunguka milioni moja hadi milioni na nusu. Kwa nyumba ya aina hii tenga kiasi kingine kinachokaribia hicho. Mnaoniuliza kuhusu feni za maji: Dodoma sawa, kule hewa kavu. Dar mnajiongezea unyevu chumbani.

LUKU nayo, umeme wa kulipia kabla. Kama mko kundi la matumizi madogo, lile la uniti 75 kwa mwezi, mnalipa kama shilingi 122 kwa uniti. AC ikila uniti tano kwa usiku ni 150 kwa mwezi, mnatolewa kundini, na uniti zote, pamoja na za friji na taa, zinakuwa kama shilingi 356. Nyumba iliyotumia uniti 60 kwa 7,320 inafika uniti 210, karibu 75,000. Nyumba ya wapangaji mita moja, kaeni kikao kwanza, au AC iwe na mita yake.

Nilianza nikiwa na nia ya kusema msinunue. Sasa nasema nunueni mashine, mfuko mwachieni muuza duka na mwombe apunguze bei. Baadhi yao wanapunguza. Video ijayo ni ya kuosha AC bila kuharibu mapezi. Mwenye picha ya uchochoro wake aiweke hapo chini, nitawaambia kipande cha nje kikae wapi.