Fundi wa kuja nyumbani na stata aliyotaka kuondoka nayo

Nimetumia huduma ya fundi umeme wa magari anayekufuata nyumbani, hapa Dar es Salaam, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Nianze na haki yake: ukimpigia anakuja, tena upesi. Alifika na stata (ile mota inayozungusha injini ili iwake) ya mtumba ya Toyota tayari kwenye begi. Yaani dawa imefika kabla mgonjwa hajapimwa.

Gari langu lilikuwa likizungushwa ufunguo linatoa "ta!" moja, halafu kimya. Taa za dashibodi zinawaka vilevile, redio inaimba. Betri iliyochoka hailii hivyo. Ile inapiga ta-ta-ta-ta mfululizo na taa zinafifia. Mlio mmoja wenye nguvu na taa hata hazitikisiki, mara nyingi solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, imejivuta vizuri, ila umeme mkubwa haupiti kwenda kwenye mota. Nilikuwa nimeshapima betri mwenyewe: volti 12.6, na hata ufunguo ukizungushwa haishuki sana. Nikamwambia, "Fundi, naomba uipime stata kwanza." Mita anayo, nimeiona kwa macho yangu. Akacheka. "Dada, mimi nimeanza kushika spana wewe bado uko shule. Stata imekufa hiyo."

Akaanza kufungua bila kutoa terminali ya hasi ya betri. Ule waya mnene wa stata unatoka kwenye betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Spana ikagusa bodi, cheche zikaruka, na mtoto wa dada yangu amesimama pale pale pembeni. Anasema, "Kawaida hiyo." Kawaida! Kutoa nati ya namba 10 ni kazi ya dakika ngapi?

Basi akafunga ya kwake, na gari likawaka kwa mguso mmoja. Sitasema uongo, nilifurahi sana. Nilikuwa nimechoka kugombania daladala. Wakati ule ungeniuliza ningempa nyota nne.

Kugeuka, namwona anaitumbukiza stata yangu kwenye begi lake.

"Fundi, hiyo unaipeleka wapi?"

"Stata mbovu huwa ya fundi, dada. Kwani wewe utaifanyia nini, utaitundika ukutani?"

Majirani wanasikia. Nikamwambia hiyo ni mali yangu, aiweke chini. Akasema ikibaki, bei inapanda. Tulipatana laki na themanini, nikamhesabia laki na themanini, sikuongeza hata mia. Akaitupa stata sakafuni, akaondoka anasonya.

Kwa nini ang'ang'anie kitu alichosema kimekufa? Jioni mimi na mdogo wangu tukaifungua. Ukitoa kifuniko cha nyuma cha solenoidi unakuta vipande viwili vya shaba, na kile kipande cha duara kinachokuja kuvigusa ili umeme upite. Kimoja cha vile viwili kilikuwa kimeliwa upande mzima, cheusi, kimebaki chembamba kiasi kwamba duara halikifikii. Ugonjwa wote ulikuwa hapo. Brashi, yale makaa yanayopeleka umeme ndani ya mota, bado ndefu, mota inazunguka kwa mkono bila kukwama. Vile vishaba nimevinunua Gerezani, Kariakoo, kwa elfu kumi na mbili. Tukafunga, tukaibana stata vizuri tukaijaribu kwa betri kabla ya kuirudisha: pinioni, ile gia ndogo ya mbele, ikachomoka, ikazunguka kwa nguvu mpaka mdogo wangu akapiga kelele.

Kwa hiyo stata yangu ingeenda naye, ingewekewa vishaba vya elfu kumi na mbili, ingeuzwa kwa mwingine kama mtumba safi kutoka Japani. Sikumwona akifanya hivyo, kwa hiyo sitamtuhumu moja kwa moja. Lakini nipeni sababu nyingine ya kuing'ang'ania namna ile.

Ya kwake, kwa njia, haikuchukua muda ikaanza "ta!" yake. Tumeitoa, tumerudisha ya kwangu, na gari linawaka kila asubuhi.

Nilitaka kumalizia hivi: mkikwama usiku na hamna mtu mwingine, mpigieni, maana kufika anafika kweli, ila stata yenu ya zamani muishike mkononi. Lakini nikikumbuka zile cheche karibu na mtoto, na lile neno la kutundika ukutani mbele ya majirani zangu, hapana. Msimwite.