Diazepamu ya miligramu 5: dawa ya wiki mbili inayomezwa miaka miwili

Kwenye famasi za Kigoma, iwe Mwanga au Ujiji, wengi hawaitaji kwa jina. "Mwanangu, nipe zile zangu za usingizi," anasema mama mtu mzima huku akionyesha karatasi tupu ya vidonge kumi. Kwa kazi yake halisi diazepamu inastahili sifa. Iko sokoni tangu 1963, ilipotoka kwa jina la Valium. Ndani ya saa moja hofu kali inashuka na misuli iliyokakamaa inalegea. Hospitalini, ikidungwa, inakata degedege. Kwa wiki mbili tunaipa alama nne kati ya tano. Kwa miezi na miaka tunaipa moja.

Wataalamu wa Uingereza walishaonya tangu 1988 kwamba dawa za jamii hii zisizidi wiki 2 hadi 4. Sababu iko kichwani. Ubongo una kemikali yake ya kujituliza, GABA, na diazepamu huiongezea nguvu. Ubongo ukizoea kusaidiwa breki kila usiku, unalegeza breki zake wenyewe. Ndiyo maana kidonge kimoja kilichomlaza mtu mwanzoni baadaye hakimlazi, anaongeza cha pili. Akikikosa siku kadhaa, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na hofu inazidi hata ile iliyompeleka kwa daktari. Anasema ugonjwa umerudi. Mara nyingi ni mwili unaodai dawa, na akimeza tena anapata nafuu, basi anaamini kabisa kwamba hawezi kuishi bila hiyo.

Kasoro yake kubwa kwa wazee ni kwamba haiondoki haraka. Nusu ya dozi huchukua saa 20 hadi 50 kutoka mwilini, na kemikali ambayo mwili huitengeneza kutokana nayo, inayofanya kazi kama yenyewe, hukaa muda mrefu zaidi. Kidonge cha leo kinakutana na cha jana na cha juzi. Bibi anaamka saa nane usiku kwenda choo cha uani, miguu haina nguvu, anajikwaa kizingitini na nyonga inavunjika. Akianza kusahau ufunguo alikouweka, nyumbani wanasema ni uzee. Kabla ya kukubali kwamba ni uzee, angalieni chini ya mto wake kuna karatasi ngapi za vidonge.

Pamoja na gongo, au dawa kali za maumivu kama tramado na mofini, inaweza kuzima pumzi usingizini. Dereva wa bodaboda na mvuvi wa dagaa wasiitumie kabla ya kazi. Jambo moja linalosahaulika sana: rifampisini ya kifua kikuu huharakisha mwili kuiondoa diazepamu. Mgonjwa aliyeizoea akianza dawa za TB anaweza kuumwa kama aliyeiacha ghafla, na hakuna anayejua kwa nini. Flukonazo, ya fangasi, hufanya kinyume: inairundika mwilini.

Kuiacha ghafla baada ya miezi ni hatari, kwa sababu degedege linaweza kuja. Tena linachelewa. Siku ya pili mtu anajiona mzima, anatangaza ameshinda, kumbe dawa ya zamani bado iko mwilini. Shida inaweza kumpata wiki ikikaribia kuisha.

Njia salama ni kushuka polepole, daktari akisimamia. Kwa anayemeza miligramu 10 kila usiku, hesabu inayofanyika vizuri ni hii: punguza miligramu 1 kila wiki mbili mpaka ufike 5, kisha nusu miligramu kila wiki mbili mpaka sifuri. Ni wiki 30 hivi. Muombe daktari aandike vidonge vya miligramu 2 pamoja na vile vya 5, maana 9 ni kimoja cha 5 na viwili vya 2, na 8 ni vinne vya 2. Kidonge cha 5 kikikatwa robo kwa wembe kinavunjika vumbi, robo hazilingani, na mtu anashuka leo na kupanda kesho bila kujua. Cha kugawa nusu kiwekwe mstari juu, kibonyezwe kwa vidole gumba viwili pande zote.

Anayetumia alprazolamu, dawa ya jamii hiihii, ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa inaisha mwilini mapema na hofu inarudi kati ya dozi. Miligramu 0.5 yake inakaribia miligramu 10 za diazepamu. Kubadilisha moja kwa nyingine ni kazi ya daktari, si ya muuzaji wa dirishani.

Ukifika hatua ukashindwa kulala, kaa kwenye dozi hiyohiyo wiki mbili nyingine. Usirudi juu bila kumwona daktari, na usiruke siku moja ili kufidia. Kama umewahi kupata degedege, usianze hesabu hii nyumbani. Nenda hospitali ya Maweni kwanza, na karatasi zako zote za dawa mkononi.