TAHADHARI: Wanaouza "vioo vya ITO" na dawa ya kupulizia tachi za simu

Wakuu, hasa mafundi simu na wanafunzi mnaotengeneza seli za sola za maabara, someni hili kabla hamjatuma pesa. Kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kuna wauzaji wa vioo vinavyopitisha umeme, chupa za "nano ITO" za kupulizia tachi iliyokufa, na unga wa ITO wa kuchanganya na vanishi. Pesa hutangulia, mzigo hufuata. Na mzigo unafika kweli, jambo linalofanya watu wachelewe kushtuka. Ila kilichomo kwenye boksi sicho kilichotangazwa.

Wanafaulu kwa sababu utando wenyewe unaopakwa kwenye kioo ili kipitishe umeme hauonekani. ITO ni oksaidi ya indiamu iliyotiwa oksaidi ya bati, kwa kawaida sehemu 90 kwa 10 za uzito, na kwenye kioo kizuri unene wake ni nanomita 150 hivi. Macho hayawezi kutofautisha kioo hicho na kipande cha dirisha. Mita ndiyo inayotofautisha, na wauzaji hawa wanategemea kwamba mnunuzi hatapima, au atapima vibaya.

Tuanze na chupa ya kupulizia, maana ndiyo inayoumiza mafundi wengi. Tangazo linasema puliza juu ya kioo, subiri dakika 10, tachi inarudi. Haiwezekani, na sababu yake ni rahisi kuiona. Tachi ya simu ni mistari ya wima na ya mlalo ya utando unaopitisha umeme, iliyochongwa kwa asidi na kufunikwa chini ya kioo. Simu hupima badiliko dogo sana la chaji kidole kinapokaribia mistari hiyo. Ukipaka juu ya kioo kitu kinachopitisha umeme vizuri, umeufunika mtandao wote kama uliyeweka bati juu yake, na kidole hakisikiki tena. Kwa hiyo dawa hiyo ama haipitishi umeme, na basi haifanyi lolote, ama inapitisha, na basi inaiua tachi iliyobaki. Hakuna njia ya tatu. Mstari uliokatika uko chini ya kioo, dawa haiufikii. Na mara nyingi ukanda uliokufa si mstari hata kidogo, ni flekisi, yaani ule ukanda mwembamba wa nyaya, iliyolegea au kuchanika pale inapoungana na kioo.

Wanaotoa ushuhuda kwamba "imefanya kazi" wamesafisha tu mafuta na unyevu kwa spiriti iliyomo kwenye chupa, kisha wakazima simu na kuwasha. Pamba na spiriti vingefanya vilevile.

ITO halisi hupakwa ndani ya chemba ya ombwe. Kipande cha oksaidi hiyo hupigwa na ayoni za gesi ya agoni, atomi zinaruka na kutua kwenye kioo. Vimiminika vinavyopitisha umeme na kuonyesha upande wa pili vipo kweli: kuna polima ya PEDOT, ambayo ina rangi ya bluu na hutunzwa kwenye friji, na kuna wino wa nyuzi nyembamba mno za fedha. Vyote hupakwa kwa tabaka sawia na kukaushwa kwa joto, si kupulizwa mezani kama marashi. Zipo pia dawa za kuzuia umeme tuli kwenye plastiki, lakini ukinzani wake huanzia mamilioni ya omu. Zinaondoa vumbi, hazibebi mkondo wa saketi.

Sasa vioo. Hapa ulaghai una sura kadhaa, na si zote ni kioo kitupu. Baya kuliko yote, kwa maoni yetu, ni kukatiwa kioo cha madirisha ya kuzuia joto. Aina moja ya vioo hivyo ina utando laini wenye tabaka la fedha. Kikiwa kipya kinasoma omu chache tu kwa mraba (yaani ukinzani wa kipande chenye urefu sawa na upana), pengine bora kuliko ITO, na mnunuzi anafurahi. Lakini utando huo umetengenezwa ukae ndani ya dirisha la vioo viwili, hewa isiufikie. Ukiuacha wazi kwenye unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa, fedha inaliwa, madoa yanatokea, na kioo ulichokinunua kwa ajili ya mradi wa muhula mzima hakifiki mwisho wa muhula.

Aina ya pili ya kioo cha dirisha ina utando mgumu wa oksaidi ya bati iliyotiwa florini, yaani FTO. Hicho ni kioo kizuri, na kwa seli ya sola ya rangi, ile inayonasa mwanga kwa rangi, ndicho kinachotakiwa, kwa sababu unga wake wa oksaidi ya titani huchomwa kwenye nyuzijoto 450 hivi. ITO ikichomwa hewani kwa joto hilo ukinzani wake hupanda mara kadhaa, FTO haibadiliki sana. Kosa ni kuuziwa kimoja kwa jina la kingine. Ukiuziwa ITO kwa jina la FTO, seli yako inakufa tanurini. Ukiuziwa FTO kwa jina la ITO, utamwaga asidi ya hidrokloriki kuchonga mistari na hakitatokea kitu, kwa sababu FTO haichongeki na asidi hiyo peke yake, inahitaji pia unga wa zinki. Tofauti hiyo ndiyo kipimo chenyewe: tone la asidi kwenye kona, dakika 20 au 30, suuza, pima. Kona ikiacha kupitisha umeme, ilikuwa ITO. Ikibaki vilevile, ni FTO. Vaa glovu na miwani, fanya nje penye hewa.

Namna ya kupima ukinzani. Usichome tu ncha mbili za multimita kwenye kioo ukaamini namba. Ncha zinagusa eneo dogo, na ukinzani wa mguso unaingia kwenye hesabu. Chukua kipande cha sentimita 5 kwa 5. Kunja karatasi ya alumini mara kadhaa iwe mkanda wa upana wa nusu sentimita, uibane kwa klipu kwenye ukingo mzima wa upande mmoja, na mwingine kama huo upande wa pili. Mkanda wa shaba ni bora zaidi, ila hakikisha gundi yake inapitisha umeme, maana ipo isiyopitisha. Kati ya mikanda sasa kuna urefu wa sentimita 4 na upana wa 5, yaani 4 kugawanya kwa 5, mraba 0.8. Gusanisha kwanza ncha za mita zenyewe uone zinasoma ngapi, kisha utoe namba hiyo. Ukipata omu 12, gawanya kwa 0.8: ni omu 15 kwa mraba. Kioo cha maabara kinachotangazwa kuwa cha omu 10 hadi 15 kikisoma 80, umeibiwa, hata kama "kinapitisha". Plastiki yenye ITO husoma juu zaidi, mara nyingi kati ya 50 na 300, na hilo si kosa la muuzaji. Kosa ni kukuambia inakunjika bila shida. Utando wa ITO ni mkavu kama chungu. Ukiukunja kwa kona kali unapasuka na ukinzani unaruka.

Tuwatendee haki wauzaji waaminifu pia: utando uko upande mmoja tu wa kioo. Pima pande zote mbili kabla ya kupiga kelele, na bandua kwanza plastiki ya kulinda. Kioo kitupu husoma OL, yaani umeme haupiti, au namba 1 pembeni kushoto kwenye zile mita za njano za bei ndogo.

Video za matangazo zitazameni kwa makini. Angalia alama ya kipimo: "12" ya kilo-omu si 12 ya omu. Angalia kama ncha zimewekwa milimita mbili tu moja kutoka kwa nyingine, au zimegusana chini ya kidole. Mwambie muuzaji arekodi upya, ncha zikiwa ukingo huu na ukingo ule, pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Ulizia aina ya utando, omu kwa mraba, unene wa kioo, na upande uliopakwa. Anayejua bidhaa yake hujibu hayo kwa ujumbe mmoja. Nunua kipande kimoja kwanza, si pakiti ya 20.

Unga wa ITO wa kuchanganya na vanishi usinunue kabisa. Chembe zilizozungukwa na vanishi hazigusani, kwa hiyo umeme haupiti. Ukiongeza unga mpaka zigusane, mpako unakuwa ukungu. Tena vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Japani wafanyakazi waliokuwa wakisaga ITO viwandani waliugua ugonjwa wa mapafu, na kuna aliyefariki. Kama tayari unao, funga chombo, usiusage wala kuupuliza, na usiuweke jikoni.

Waliokwisha kulipa, hifadhini mazungumzo na ujumbe wa muamala kabla muuzaji hajafuta kundi. Tanzania namba ya tapeli hutumwa 15040, na kwa Safaricom nchini Kenya ni 333. Na kama umeshapulizia simu, izime, lowesha kitambaa laini kwa spiriti kidogo na ufute. Usimwagie kioo moja kwa moja, maana itapenya pembeni na kuharibu gundi ya skrini.