Gongo la kriketi: lipi ununue kwanza, lipi liwe la mwisho

Ukifika dukani, stika na rangi za mpini ziache kwanza. Shika gongo kwa mkono wako wa juu peke yake, uliinue kama unayesubiri mpira. Likikuvuta chini, lirudishe. Magongo mawili yenye kilo 1.2 kila moja yanaweza kukaa mkononi tofauti kabisa, kwa jinsi fundi alivyogawa unene wa mbao. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Namba moja naipa wilo, mti wa kuchongea magongo, ya Uingereza ya daraja la pili au la tatu. Kwa mchezaji wa klabu anayetumia mpira wa ngozi, sioni cha kuishinda. Miti yake hupandwa sana Essex na Suffolk, na mbao yake ni nyepesi, inabonyea kidogo kisha inausukuma mpira. Madaraja hupangwa zaidi kwa sura: weupe, unyoofu wa mistari ya mbao usoni, uchache wa madoa. Ukiona baka la kahawia upande mmoja wa uso, usikimbie. Hiyo ni mbao ya moyo wa mti, inashusha bei tu.

Namba mbili ni wilo ya Kashmir, kwa mtoto na anayeanza. Ni ngumu na nzito zaidi, kwa hiyo tafuta iliyo nyepesi kuliko wenzake rafuni. Bei yake ni nafuu sana.

Daraja la kwanza la wilo ya Uingereza nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei. Watu hulipia mistari mingi myembamba. Gongo la namna hiyo huamka mapema, yaani huanza kupiga vizuri mapema, na mara nyingi huchoka mapema pia. Mistari 7 au 8 inatosha kabisa.

La mwisho ni la popla, mbao ya mti mwingine. Hilo ni la mpira wa tenisi uani, basi.

Sasa kagua. Mpini mzuri ni wa henzirani iliyounganishwa na vipande vya mpira vya kupunguza mtetemo. Tazama unapoingia kwenye ubao kwa umbo la V: pasiwe na mwanya wala gundi iliyofurika. Kwenye gongo la mtumba, ufa wa ukingoni unatibika kwa gundi na utepe, ila ufa wa hapo kwenye V uachie mwenye duka. Kingo nene zisikutie wazimu. Sheria inaruhusu mwisho milimita 40, na gongo nene lililo jepesi ajabu huenda limekaushwa kupita kiasi, litapasuka.

Tenga pia pesa ya nyundo ya mbao na mafuta ghafi ya kitani. Paka kidogo usoni, kingoni na chini kabisa, usiguse kwenye V, kisha ligonge taratibu kwa nyundo hiyo ili mbao ikaze, kwa saa kadhaa, kingo kwa mshazari. Hata muuzaji akiapa kwamba limeshagongwa, ligonge.