Gari la Mwingereza la zamani: uanze na lipi?

Baba alikuwa na Morris Minor ya kijivu. Nilichokipenda kuliko vyote ni kidole cha kuonyeshea: akitaka kukata kona, kinachomoka kwenye nguzo ya mlango, kimewaka taa ya chungwa, halafu kinajirudia ndani taratibu. Karibu kila ninayemsindikiza kutafuta gari la zamani la Mwingereza ana kumbukumbu ya aina hiyo, na ni haki aanzie hapo. Ila uvunguni lazima aingie. Orodha hii ni ya mtu anayetaka gari la kuendesha.

1. Land Rover Series III (1971–1985)

Naiweka mbele kwa sababu fundi wake yupo. Arusha, Nanyuki, Iringa, kote utampata mzee anayefungua giaboksi yake bila kutazama kitabu. Series III ina sinkro, yaani kifaa kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele. Series II na IIA hazina kwenye gia ya kwanza na ya pili, na kwa mgeni hilo ni mateso ya kila siku.

Bodi ni ya aluminiamu, kwa kuwa chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya Vita vya Pili. Watu huona bodi haina kutu wakaridhika, kumbe chesisi ni chuma. Lala chini na nyundo ndogo, gonga kuanzia boriti ya nyuma kabisa kuja mbele. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa sauti butu, kama unagonga boksi lililolowa. Kisha inua mkeka, utazame pale miguu ya dereva inapokaa. Niliwahi kukagua moja iliyopakwa lami nzito chini, muuzaji akisema ni kinga. Nilichomeka bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Chesisi mpya zilizochovywa zinki zinatengenezwa Uingereza hadi leo, kwa hiyo gari la namna hiyo linaokoleka, lakini hesabu bei ya chesisi, meli na kazi ya fundi kabla hujapeana mkono na mtu.

2. Morris Minor (1948–1971)

Moyo wangu ungeiweka ya kwanza. Ilibuniwa na Alec Issigonis, ambaye baadaye alibuni Mini, na ndiyo gari la kwanza la Uingereza kufikisha milioni moja. Wingi huo ndio unaotusaidia sisi: spea zake bado zinatengenezwa. Tafuta yenye injini ya cc 1,098, za mwanzo zinachoka mlimani.

Haina chesisi ya peke yake, kwa hiyo sakafu ikioza gari limeoza. Pita na sumaku chini ya milango. Isiponasa, hapo pamejazwa puti. Halafu piga jeki mbele, shika tairi juu na chini ulitikise. Kiungo cha chini cha mguu wa mbele kina uzi kama wa skrubu, na kikikosa grisi uzi huo hulika mpaka siku gurudumu linalala barabarani. Mwambie pia fundi umeme wako kwamba waya chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi, kinyume na alivyozoea kwenye Toyota. Aina ya Traveller ina mbao nyuma, na mbao hizo zinabeba bodi. Zikioza, unahitaji seremala hodari na fedha nyingi.

3. Daimler DS420 (1968–1992)

Kwa anayetaka limuzini ya kukodisha harusini, hii. Ilitumika kwenye nyumba ya kifalme ya Uingereza na kwenye misafara ya mazishi. Injini ni ya Jaguar, lita 4.2, hivyo spea zake hupatikana. Vipande vya bodi ndivyo vigumu. Kaa nyuma, fungua vile viti vya kukunja, pandisha na ushushe kioo kinachomtenga dereva. Kisha acha injini iungurume nusu saa ukiangalia mshale wa joto, maana msafara wa harusi unakwenda polepole na jua letu halina huruma.

4. Jaguar Mk 2 (1959–1967)

Tamu sana barabarani, lakini kutu yake hujificha kila mahali. Nunua iliyokwisha kutengenezwa, yenye picha za kazi yote.

5. Rolls-Royce Silver Shadow (1965–1980)

Bei ya kununua itakuvutia, lakini breki zake za hidroliki zenye shinikizo kubwa zinataka fundi aliyezisomea. Ukitamani Rolls-Royce, nenda kwanza Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ukaitazame iliyomtumikia Mwalimu Nyerere.

Ukinunulia Uingereza, jua kwamba gari lililozidi miaka 40 kwa kawaida halilazimiki tena kupimwa MOT, ukaguzi wa usalama wa magari wa huko, kila mwaka, kwa hiyo huenda hakuna aliyelitazama uvunguni kwa muda mrefu. Ingiza namba yake ya usajili kwenye tovuti ya serikali yao, usome bure matokeo ya vipimo vya miaka iliyopita. Ukiona kutu imetajwa mwaka baada ya mwaka, kisha vipimo vikakoma, achana nalo. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, na Tanzania kuna ushuru wa uchakavu, kwa hiyo ulizia kwanza misheni, mashamba ya mkonge na kahawa, na gereji za wazee. Usilipe hata shilingi kabla ya kusoma namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe na kuilinganisha na kadi.